Kuangika na Kuwamba: Habari za Mifarishi ya Ukutani

Katika lugha yetu ya Kiswahili yako maneno mawili ambayo siku hizi watu huyatumia kana kwamba ni neno moja, nayo ni kuangika na kuwamba. Kuangika ni kukipa kitu mahali pa kushikia juu, kisha kukiacha kining'inie kwa uzito wake chenyewe, kama mtu aangikavyo kanzu msumarini. Kuwamba ni kukivuta kitu pande zote mpaka kinyoke, kisha kukifunga katika hali ile ile ya kunyoka, kama ngozi iwambwavyo juu ya mzinga wa ngoma, au kama kamba ziwambwavyo juu ya kitanda. Wazee wetu waliijua sana tofauti hii. Nami nitaifuata katika habari hizi za mifarishi ya ukutani, kwa sababu kazi nyingi nzuri zimeharibika kwa kuangikwa, nazo zilipasa kuwambwa.

Mfarishi, kwa wasioujua, ni nguo ya tabaka tatu. Juu kuna kitambaa cha kuonekana, mara nyingi cha vipande vingi vilivyounganishwa. Katikati kuna pamba au blanketi jepesi. Na chini kuna bitana. Kisha tabaka zote tatu hushonwa pamoja kwa mishono ipenyayo toka juu hata chini, ili pamba isikimbilie upande mmoja. Asili yake ni nguo ya kitandani, walakini tangu zamani watu wa nchi nyingi wameitumia pia kwa kupamba kuta, na huko ukutani ndiko taabu yake inakoanzia.

Hapa Iringa mjini, katika mitaa kama Mlandege, kazi ya cherehani si ngeni, wala vipande vya vitenge vinavyobaki havikosi mtu wa kuviokota. Mwaka 2003 Kanisa Anglikana, Dayosisi ya Ruaha, lilianzisha mjini karakana iitwayo Neema Crafts kwa ajili ya watu wenye ulemavu. Ilianza na vijana watatu viziwi waliofundishwa kutengeneza karatasi kwa mikono, kisha zikaongezwa kazi nyingine, na kufuma na kushona zikiwa miongoni mwake. Kazi za namna hii zikawafumbua macho wengi, wakaona ya kuwa kipande cha kitenge kisichofaa kuwa shati chaweza kuwa ndege, au samaki, au mti, na kupata mnunuzi.

Lakini mti si mraba. Hili ndilo jambo lenyewe. Niliuona katika kanisa moja la huku nyanda za juu mfarishi uliokatwa kwa umbo la mkuyu, ule mti alioupanda Zakayo. Shina lilikuwa jembamba, matawi yametanda kulia na kushoto, na katika kila jani limeshonwa jina la mama mmojawapo wa usharika ule aliyekwisha kufariki. Kina mama waliushona jioni nyingi, wakiletewa majina na watoto wa marehemu. Ulipokwisha, ulitundikwa kwa misumari mitatu upande wa juu. Baada ya masika mawili matawi ya pembeni yalikuwa yameinama mbele kama masikio ya mbuzi, na yale majina yaliyoshonwa pembeni hayakusomeka tena mpaka mtu ainue tawi kwa mkono. Mtoto aliyekuja kutafuta jina la bibi yake hakuliona. Wengine walisema kitambaa kilikuwa duni, wengine wakasema mshono. Kitambaa kilikuwa chema na mshono pia. Kosa lilikuwa katika misumari mitatu.

Maana nguo iliyofumwa ina nyuzi za mtande ziendazo kwa urefu, na nyuzi za mshindio zinazozikatiza. Ukiivuta kwa kufuata mtande haivutiki sana, wala kwa kufuata mshindio. Lakini ukiivuta kwa mshazari hunyumbuka mara moja. Jaribu kwa leso yako utaona. Nguo ya mraba ikishikwa vema katika upindo wake wote wa juu, kila uzi hubeba uzito ulio chini yake tu, nayo hukaa. Bali tawi la mti halina kitu juu yake cha kulibeba. Linashikwa kwa upande mmoja, pale linapoungana na shina, na uzito wake wote huvuta kwa mshazari. Pamba iliyo ndani hunywa unyevu wa masika ikawa nzito, nguo ikanyumbuka. Kiangazi ikakauka, wala hairudi kama ilivyokuwa. Tena bitana na kitambaa cha juu, ikiwa havikufuliwa kabla ya kushonwa, kimoja husinyaa kuliko kingine, na ncha za mfarishi hujikunja kuelekea upande uliosinyaa.

Taabu ya uzito wa nguo si ya jana. Wasomaji wa Maandiko watakumbuka kitabu cha Kutoka, sura ya 26 na ya 27, ambazo wengi wetu huziruka upesi kwa sababu zimejaa hesabu. Mimi nawasihi wazisome tena kwa jicho la fundi. Mapazia ya kitani ya maskani yalikuwa kumi, kila moja mikono 28 kwa 4, nayo yaliunganishwa matano matano. Ili kuunganisha mafungu hayo mawili, vilitiwa vitanzi 50 katika upindo wa fungu moja na 50 katika upindo wa lile la pili, na vifungo 50 vya dhahabu vya kuvishika. Mapazia ya singa za mbuzi yaliyofunika juu yake yalikuwa kumi na moja, kila moja mikono 30 kwa 4, nayo yakawa na vitanzi kama vile, na vifungo 50 vya shaba. Ukigawanya mikono 28 kwa vitanzi 50, utaona ya kuwa kila kitanzi kiko karibu sana na mwenziwe, kiasi cha nusu mkono na kidogo. Hakuna kitanzi kimoja kilichoachiwa kubeba sehemu kubwa.

Na ua wa maskani ni vivyo hivyo. Upande mmoja chandarua ilikuwa mikono 100, na nguzo zake 20, yaani kila mikono mitano nguzo moja. Chini ziliwekwa vigingi vya shaba, na kamba zake zimetajwa mbele katika sura ya 35. Basi hapo juu paliangikwa, na chini pakawambwa. Jangwani kuna upepo, na nguo iliyoshikwa juu tu ingepiga kama tanga lililokatika kamba. Bezaleli na Oholiabu ndio waliotajwa kuwa mafundi wakuu, lakini kitabu hicho hakikuwasahau wanawake waliosokota nyuzi kwa mikono yao, wala wale waliosokota singa za mbuzi.

Ulaya nako walijifunza kwa hasara. Uko utepe mrefu wa kitani katika mji wa Bayeux, Ufaransa, uliotariziwa kwa nyuzi za sufu katika karne ya 11, nao waeleza jinsi William, mtawala wa Normandy, alivyoishinda Uingereza mwaka 1066. Urefu wake ni karibu mita 70, na kimo chake ni nusu mita tu. Mwaka 1476 uliandikwa katika orodha ya mali za kanisa kuu la mji huo, kwamba huzungushwa ukutani ndani ya kanisa siku za sikukuu. Uzito wake ulipoenea ukutani kote haukumlemea mtu. Baadaye, mwanzoni mwa karne ya 19, wakubwa wa mji waliona vema kuuviringisha katika magurudumu mawili na kuukunjua mbele ya kila mgeni, na ncha yake ikachakaa kwa kukunjuliwa na kuvutwa. Mifarishi ya zamani sana iliyosalia Ulaya ni ile ya Sicilia ya mwisho wa karne ya 14, yenye picha za hadithi ya Tristan, iliyotiwa pamba kati ya kitani na kitani. Kipande kimoja kiko London na kingine Florence. Vyote viwili ni vya pembe nne, basi sitakaa juu yake.

Kwetu sisi, kitu kisicho cha pembe nne kilichotangulia kuwekwa kikanyoka ni ngozi. Hakuna ng'ombe aliyeumbwa kwa mraba. Ngozi ina shingo, miguu minne na mkia, nayo ikiachwa ikauke yenyewe hujikunja kama jani kavu. Kila mchungaji wa nchi hii ajua dawa yake: ngozi hulazwa chini ikiwa mbichi, ikatobolewa matundu madogo katika ukingo wake wote, na kila tundu likapigiwa kigingi. Mwambaji mzuri hapigi vigingi kwa kuzunguka kama mtu anayezunguka nyumba. Hupiga kimoja shingoni, kisha kimoja mkiani. Kimoja kulia, kisha cha kukabiliana nacho kushoto. Na hivi huendelea kukabilisha mpaka ngozi yote imevutwa sawasawa. Apigaye kwa kuzunguka hujikuta mwishoni na mkunjo mmoja mkubwa usio na mahali pa kwenda.

Tena kuna ngao. Wangoni walivuka mto Zambezi mwaka 1835 wakitoka kusini, wakaja na ngao ya ngozi ya ng'ombe iliyo ndefu kama yai lililovutwa. Nyuma yake ngozi hukatwa nyufa ndogo kwa safu mbili, zikapitishwa kanda za ngozi, na katika kanda hizo huchomekwa fimbo moja toka juu hata chini. Ngozi peke yake ingelegea, na fimbo peke yake haikingi mkuki. Vikiwa pamoja, mtu mmoja huibeba ngao kwa mkono wa kushoto mchana kutwa, nayo haipindi. Wahehe waliijua ngao hiyo kwa karibu kuliko walivyopenda, kwani walipigana na Wangoni kati ya mwaka 1878 na 1882, siku za mwisho za Munyigumba na za kwanza za Mkwawa, nao wenyewe wakipigana kwa mikuki na ngao za ngozi. Mshonaji wa Mlandege autakaye mfarishi wake usimame na asiende mbali kutafuta mwalimu. Afikiri juu ya fimbo ile iliyofichwa nyuma ya ngao.

Kabla sijaondoka katika nchi zetu, nitaje pia nguo ya magome ya Buganda. Hutokana na mti uitwao mutuba, ndugu wa mkuyu wetu. Gome hubanduliwa, shina likafungwa kwa majani ya mgomba lipate kuota gome jingine, na lile lililobanduliwa hupigwa kwa nyundo za mbao zenye mifereji, kwanza mikubwa, kisha midogo, mpaka gome liwe pana na laini. Nguo hii haina mtande wala mshindio. Hunyumbuka upande wowote, na mahali penye tundu hutiwa kiraka. Mwaka 2005 UNESCO ilitangaza ufundi huu kuwa miongoni mwa urithi wa wanadamu. Na mahali palipojulikana kwa pazia lake la magome ni Kasubi, katika nyumba kubwa ya makaburi iliyojengwa mwaka 1882 na Kabaka Muteesa wa Kwanza, ambamo pazia hilo liliwatenga wafalme wanne waliozikwa na watu waliokuja kuwaheshimu. Tarehe 16 Machi 2010 nyumba ile iliungua. Kuta na paa hujengwa tena, na Kasubi ilijengwa tena kwa kazi ya miaka mingi. Bali pazia lililoungua ni lile lile halirudi, hata likishonwa jingine mfano wake.

Katika bara letu nguo za magome na za ngozi zilisukumwa kando na nguo ya dukani, na ya kwanza kwa sifa ilikuwa marekani. Wengi huitaja bila kufikiri jina lake. Tarehe 21 Septemba 1833 Seyyid Said alifanya mkataba wa biashara na Marekani, na mwaka 1837 konsuli wa kwanza wa Wamarekani, Richard Waters wa mji wa Salem, akafika Unguja. Viwanda vya Massachusetts vilifuma nguo nzito isiyotiwa rangi, merikebu za Salem zikaileta, na misafara ikaipeleka bara kwa majora na doti, ikawa kama fedha. Pamba yake ililimwa kusini mwa Marekani na watumwa weusi, ambao wazee wao walitolewa Afrika. Nguo ile ile ilipofika kwetu, ilinunua pembe za ndovu, na mara nyingi ilinunua watu. Mtu akiifikiri safari hiyo ya uzi mmoja atanyamaza kidogo. Vita vya Wamarekani wao kwa wao, kutoka mwaka 1861 hata 1865, vilikata pamba hiyo, na nguo za Uingereza na za Bombay zikashika mahali pake. Lakini jina la marekani likabaki.

Mwaka ule ule wa 1837 aliofika Waters Unguja, katika jimbo la Georgia alizaliwa mtoto wa kike katika utumwa, jina lake Harriet. Aliolewa na Armstead Powers, wakapata uhuru vita vilipokwisha, na baadaye wakawa na shamba dogo karibu na mji wa Athens, huko huko Georgia. Harriet Powers alishona mifarishi. Wengine walishona nyota na maua. Yeye alishona Biblia. Alikata vitambaa kwa maumbo ya watu, wanyama, jua na malaika, akavishonea juu ya kitambaa kikubwa, kila habari katika chumba chake: Adamu na Hawa bustanini, Kaini na Habili, ndoto ya Yakobo, ubatizo wa Bwana, karamu ya mwisho, Yuda na vile vipande thelathini vya fedha, na msalaba. Mwaka 1886 mfarishi huo ulionyeshwa katika maonyesho ya pamba mjini Athens. Mwalimu mmoja wa uchoraji, Jennie Smith, aliuona akataka kuununua, lakini Harriet akakataa.

Miaka michache baadaye mambo ya shamba yakawa magumu. Mumewe akamshauri auze. Harriet aliutaka mfarishi wake ununuliwe kwa dola kumi, akapewa tano, naye akazipokea. Kabla ya kuondoka alimweleza mnunuzi maana ya kila picha, na Jennie Smith akayaandika maelezo hayo. Na baadaye mwenyewe alirudi mara kadhaa kuutazama, kama mama aendaye kumtazama binti aliyeolewa mbali. Mfarishi wake wa pili, wenye vyumba 15, una Yona na samaki, Ayubu akiomba, Musa na nyoka wa shaba, na pia usiku wa Novemba 1833 ambapo vimondo vilianguka kama mvua, watu wakadhani mwisho umefika. Harriet Powers alifariki mwaka 1910. Katika kazi za mikono yake tunajua mifarishi miwili tu iliyosalia. Wa kwanza uko katika makumbusho ya taifa mjini Washington, na wa pili katika makumbusho ya Boston.

Kwa nini miwili tu? Mifarishi huliwa na matumizi. Hulaliwa, hufuliwa, huanikwa, hukatwa kuwa vitambaa vya kupangusia. Na ile iliyowekwa ukutani huliwa na misumari na jua. Walinzi wa makumbusho wamejifunza kwa uchungu namna ya kuisaidia, na njia zao, nikizitazama, ni zile zile za hema, ngozi na ngao. Kwa mfarishi wa pembe nne hushona nyuma yake, katika upindo wa juu kutoka ncha mpaka ncha, mfuko mrefu wa kitambaa, wakapitisha ubao bapa. Wengine hushona utepe ule wa vishikizo ung'ang'anianao, ufungao viatu vya watoto, upande mmoja kwenye nguo na wa pili kwenye ubao wa ukutani. Hivi ndivyo vitanzi 50 vya Kutoka, ila vimekuwa maelfu. Bali kwa mfarishi wenye umbo kama la mkuyu ule niliousimulia, ubao wa juu hautoshi, na hapo ndipo wanapowamba.

Kazi huanza chini, si ukutani. Mfarishi hujaribiwa kwanza rangi zake kwa kitambaa cheupe kilicholowa. Zikiwa hazitoki, hunyunyiziwa maji, ukalazwa juu ya shuka sakafuni, ukasawazishwa kwa viganja kutoka katikati kwenda nje, tawi kwa tawi, kwa kukabilisha kama vigingi vya ngozi. Huzuiwa kwa pini, ukaachwa kivulini ukauke kabisa. Mfarishi ulioruka hatua hii utabishana nawe ukutani kila siku. Ukingo nao hutazamwa. Utepe wa upindo, ikiwa umbo lina mizunguko, hukatwa kwa mshazari ili ufuate mzunguko. Mshonaji akiuvuta mno, ukingo hukunjamana ndani. Akiulegeza mno, hufanya mawimbi. Katika kona za ndani, kama pale tawi linapoachana na shina, upindo wa ndani hukatwa vijinyufa vidogo, la sivyo utavuta na kufanya kibonde.

Kisha huchorwa sura yake juu ya karatasi, na sura hiyo hupunguzwa kiasi cha sentimita moja kuzunguka pande zote, ubao usije ukachungulia. Kwa sura hiyo hukatwa plaiwudi nyembamba kwa msumeno mwembamba, kingo zake zikapigwa msasa, na ubao wote ukapakwa vanishi, ukaachwa mpaka harufu iishe. Watu wengi huona hili ni anasa. Si anasa, kwa maana ubao mtupu hutoa chachu ambayo baada ya miaka huacha madoa ya kahawia katika nguo. Ubao huvikwa marekani iliyofuliwa, ikavutwa na kufungwa nyuma. Halafu mfarishi hulazwa juu yake na kushonwa kwa mkono, sindano ikishika bitana na marekani tu bila kutokea mbele, kuanzia katikati ya shina, kwenda juu, kisha kila tawi mpaka ncha yake. Mishono iwe mingi na isiyokazwa. Kwa njia hii kila tawi lina ubao wake nyuma, na hakuna sehemu inayoning'inia kwa jirani yake.

Plaiwudi ni ghali, tena ni nzito, na si kila ukuta wa matofali ya udongo utaivumilia. Yuko mwenye kutumia fito badala yake. Mianzi yetu ya nyanda za juu, ile ile tunayoigemea ulanzi (nami nasema ya kwamba hapa inafanya kazi ya heshima zaidi), ikipasuliwa na kukwanguliwa hutoa fito bapa, nyepesi na ngumu. Nyuma ya mfarishi hushonwa mifuko myembamba: mmoja kwa urefu wa shina, mmoja mrefu wa kukatiza mahali matawi yanapotanda, na midogo midogo kufuata kila tawi. Fito huchomekwa humo zikiwa zimekatwa fupi kuliko mfuko kwa upana wa kidole, ncha zake zimezungushwa kwa kisu na kufungwa kitambaa zisitoboe. Pale zinapokutana hufungwa kwa uzi imara, kama watoto wafungavyo vijiti vya tiara. Mkuyu wenye majina ulinyooshwa kwa namna hii. Ilichukua siku mbili, na gharama yake ilikuwa uzi na nusu ya jora ya kitambaa cheupe.

Liko jambo jingine ambalo mshonaji aweza kulifanya tangu mwanzo, kabla hata ya kuufikiri ukuta. Mafundi wa kofia za pwani, hasa zile kofia za viua zinazosifiwa Lamu, huchukua vitambaa viwili vyepesi tu, wakavishona kwa mishono midogo isiyohesabika mpaka kofia inasimama yenyewe kichwani kama kikombe. Ugumu wake unatoka katika uzi. Basi katika mfarishi wa umbo, sehemu zinazotokeza, kama matawi na mikia na mabawa, zishonwe kwa mishono iliyokaribiana kuliko ile ya katikati, na pamba yake ipunguzwe. Tawi gumu na jepesi huhitaji msaada mdogo. Tahadhari ni moja, nayo ni kwamba mishono mingi husinyaza nguo, kwa hiyo matawi yakatwe makubwa kidogo kuliko yanavyotakiwa kuwa mwisho.

Ukutani, msumari mmoja kamwe usitoshe. Ubao wa mkuyu hushikwa kwa vishikizo viwili vya juu vilivyoachana, na kimoja chini ya shina cha kuuzuia usipige ukuta upepo ukivuma mlangoni. Misumari iwe ya shaba au iliyopakwa rangi, kwa sababu kutu huingia nguoni haitoki. Nyuma ya ubao hubandikwa vipande vya gome au mbao vya unene wa sentimita moja, hewa ipate kupita kati ya nguo na ukuta. Kuta zetu za Iringa hutoa unyevu kutoka Desemba hata Aprili, na nguo iliyobanwa juu yake huota ukungu. Mahali pa jua la dirishani pasitumike hata kama ndipo panapopendeza. Kila mwaka, masika yakiisha, mfarishi ushushwe, upigwepigwe vumbi kwa mkono, utazamwe mishono ya nyuma, na uliolegea ushonwe tena. Ukitakiwa kuwekwa, uondolewe fito, uviringishwe juu ya bomba lililovikwa kitambaa, upande wa picha ukiwa nje. Usikunjwe, maana mkunjo ukikaa miaka hukata nyuzi.

Na nyuma, chini ya shina, pashonwe kipande cha marekani kilichoandikwa majina ya washonaji, mwaka, na habari ya picha kwa maneno machache, kama Jennie Smith alivyoandika ya Harriet Powers. Wino wa kalamu huyeyuka kwa unyevu, hivyo ni heri maandishi hayo yatariziwe kwa uzi.